Mfuko wa Hewa Garini: Mlinzi Asiyetaka Kukaribiwa

Jumamosi moja asubuhi sajini mmoja wa jeshi, mkazi wa Gisenyi, alipeleka gari lake kwa fundi kubadilisha oili. Lilikuwa gari dogo la mtumba, alilolinunua kwa mkopo miezi mitano nyuma, na kwa muda wote huo lilikuwa limemtumikia bila manung'uniko. Kila mwisho wa mwezi lilimchukua yeye, mkewe na watoto wao watatu kutoka kando ya Ziwa Kivu hadi Musanze kumwamkia nyanya wa watoto. Mkewe aliketi mbele, na mapajani alimpakata kitinda mimba wao, mwenye umri wa miezi minane.

Fundi hakuanza na oili. Aligeuza ufunguo nusu, akainama kuzitazama taa za dashibodi. Taa ya betri iliwaka, ya oili ikawaka, ya breki ikawaka. Moja haikuwaka: ile yenye picha ya mtu aliyeketi na duara kubwa mbele ya kifua chake.

"Afande," alisema fundi, "taa hii hutakiwa iwake kidogo ufunguo ukigeuzwa, kisha izime. Ikibaki inawaka, ujue mfuko wa hewa una hitilafu. Lakini isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeizima kwa makusudi."

Alifungua waya wa betri, akangoja kitambo, kisha akakibandua kifuniko cha dashibodi upande wa abiria. Ndani ya tundu hapakuwa na mfuko wa hewa. Palikuwa na kipande cha sponji kuukuu na gundi iliyokauka. Katika usukani hali ilikuwa hiyo hiyo. Huko lilikotoka, gari lile lilikuwa limekwisha gongana siku moja, mifuko yake ikafumka na kumaliza kazi yake, na mtu aliyelitengeneza upya kwa ajili ya kuliuza aliona ni nafuu kuweka sponji na kung'oa taa ya onyo kuliko kununua mifuko mingine.

Udanganyifu wa namna hii si wa Gisenyi wala wa Rwanda peke yake. Hutendeka popote magari yaliyogongwa yanapofufuliwa na kuuzwa tena, maana kifaa chenyewe kimefichwa na mnunuzi hana desturi ya kukitazama. Atapiga teke matairi, atafungua boneti, atasikiliza injini inavyonguruma, atauliza gari linakula mafuta kiasi gani. Mfuko wa hewa hauulizi, kwa sababu haujui.

Kitanzi cha muda mfupi

Inafaa basi kueleza kifaa hiki ni nini, kwani watu wengi hukidhania kuwa mto laini unaojitokeza ili abiria aulalie. Kwa hakika ni baruti iliyofungwa vizuri. Askari ataelewa upesi: kuna kiwashio, kuna shindilio, na kuna kopo la chuma linalozuia moto usitoke ovyo. Tofauti ni kwamba badala ya kusukuma risasi, gesi inayozaliwa hujaza mfuko wa nailoni uliokunjwa kwa ustadi ndani ya usukani au dashibodi.

Mwanzo wa kazi yake uko katika kipima mshtuko. Hiki hupima jinsi mwendo wa gari unavyokatika. Breki kali haikiamshi, wala shimo la barabarani. Lakini gari likigonga ukuta au lori, mwendo hukatika ghafla kiasi ambacho breki yoyote haiwezi kufikia. Kompyuta ndogo ya gari huamua katika muda wa sehemu 15 hadi 20 za elfu moja ya sekunde kama huu ni mgongano wa kweli. Ikiamua ndiyo, hupeleka umeme kwenye kiwashio, baruti huungua, na mfuko hujaa katika muda wa sehemu 30 hivi nyingine za elfu. Kupepesa jicho mara moja huchukua sehemu ya kumi ya sekunde au zaidi. Maana yake ni kwamba mfuko hufumka na kujaa kabla dereva hajamaliza kupepesa.

Ili ufike kwa wakati, mfuko hauna budi kutoka kwa kasi ya kutisha, inayoweza kukaribia kilomita 300 kwa saa. Mfuko wa dereva huwa na ujazo wa lita 50 au 60. Wa abiria ni mkubwa zaidi, mara nyingi lita 100 na kuendelea, kwa sababu abiria hana usukani mbele yake na nafasi ya kuzibwa ni pana. Ndiyo sababu pia mfuko wa abiria ni kazi ngumu zaidi kwa msanifu. Dereva hukaa mahali pamoja, mikono juu ya usukani. Abiria anaweza kuwa mzee mnene, msichana mwembamba, mtoto aliyesimama, au mtu aliyelala huku miguu ameitundika juu ya dashibodi.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mfuko ukishajaa huanza kunywea papo hapo. Nyuma yake kuna matundu. Kifua na kichwa cha mtu vinapouingia, gesi husukumwa nje kupitia matundu hayo, na mfuko hulegea kwa kipimo. Hapo ndipo siri yote ilipo. Mfuko usiokuwa na matundu ungekuwa kama mpira wa miguu: ungemrudisha mtu nyuma na kumvunja shingo. Msanifu hupima upana wa matundu, nguvu ya baruti na urefu wa kamba zilizoshonwa ndani ya mfuko, mpaka mwili wa mtu usimame polepole badala ya kusimama ghafla.

Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likisimamishwa na ukuta, mtu aliyemo ndani ni sawa na aliyeanguka kutoka urefu wa karibu mita 10, yaani juu ya paa la nyumba ya ghorofa tatu. Kichwa chake kikisimamishwa na dashibodi ngumu katika umbali wa sentimita 5, kitapata kishindo cha karibu mara 200 ya uzito wake. Kikisimamishwa katika umbali wa sentimita 40, kwa msaada wa mkanda, mfuko na bodi ya gari inayokunjamana, kishindo hushuka hadi mara 25. Mara 200 huua, ilhali mara 25 mtu anaweza kuamka na kuulizia viatu vyake.

Makosa yaliyowagharimu watoto

Wazo la mfuko wa hewa ni la zamani kuliko watu wengi wanavyodhani. Mjerumani Walter Linderer aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1951, na Mmarekani John Hetrick aliomba yake mwaka 1952. Wote wawili walipewa hati mwaka 1953. Lakini hewa iliyoshindiliwa katika chupa, ambayo walitaka kuitumia, haikuweza kujaza mfuko kwa kasi ya kutosha, wala hapakuwa na kipima mshtuko cha kutegemewa. Kampuni za Marekani zilijaribu katika miaka ya 1970, na mwaka 1980 Mercedes-Benz ya Ujerumani ikaanza kuuweka katika magari yake makubwa. Tangu wakati ule Wajerumani waliuita kifaa cha nyongeza, na herufi SRS zinazosomeka hadi leo katika usukani wa magari mengi zina maana hiyo hiyo: nyongeza ya mkanda.

Huko Marekani mambo yalikwenda vingine. Watu wengi hawakutaka kufunga mkanda, na serikali ikaagiza mfuko uwe na nguvu ya kumwokoa hata mwanamume wa wastani asiyefunga mkanda, katika mgongano wa kilomita 48 kwa saa. Sanamu iliyotumika katika majaribio ilikuwa ya mwanamume huyo, mwenye uzito wa karibu kilo 78. Baruti ikaongezwa ili imtoshe. Hakuna aliyemuuliza mama mfupi anayeketi karibu na usukani, wala mtoto anayesimama mbele ya kiti.

Matokeo yalionekana katika miaka ya 1990. Kati ya mwaka 1990 na 2008 watu zaidi ya 290 waliuawa nchini humo na mfuko wenyewe ulipofumka, katika migongano ya mwendo mdogo ambayo isingestahili kumuua mtu yeyote. Wengi wao walikuwa abiria, na miongoni mwa abiria hao zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa watoto na vichanga. Ama hawakufungwa mkanda, ama walikuwa katika viti vya watoto vinavyotazama nyuma, vilivyowekwa mbele, kisogo cha mtoto kikiwa kimeegemea kifuniko cha baruti.

Serikali ya Marekani ilirekebisha kanuni. Mwaka 1997 iliruhusu nguvu ya mifuko ipunguzwe, na kuanzia miaka ya 2000 ikaagiza magari mapya yaweze kutambua aliyeketi mbele: vipimo vya uzito ndani ya kiti, mifuko yenye baruti ya hatua mbili, na mfuko wa abiria unaojizima mtoto akikaa. Asilimia karibu 90 ya vifo vile vilitokea katika magari yaliyotengenezwa kabla ya mwaka 1998. Kwa upande wa pili wa mizani, mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo ilikadiria kwamba hadi mwaka 2017 mifuko ya mbele ilikuwa imeokoa maisha ya watu zaidi ya 50,000. Kifaa ni chema. Ila kilisanifiwa kwa mtu fulani, aliyeketi mahali fulani, na asiyekuwa mtu huyo kilimgeukia.

Barabara iteremkayo ziwani

Sasa na turudi Gisenyi. Barabara itokayo Kigali hupita Musanze, hupanda hadi Mukamira penye baridi na mashamba ya viazi, kisha huanza kuteremka kuelekea ziwa, ambalo maji yake yako mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Ni barabara nzuri ya lami, na uzuri wake ndio hatari yake. Kona zinafuatana, malori ya mizigo iendayo Goma yanashuka kwa gia nzito, baiskeli zimebeba magunia, na pikipiki zinajipenyeza kati yake. Mbele, ukungu ukiondoka, huonekana Nyiragongo na moshi wake, na dereva mgeni huutazama mlima badala ya barabara.

Kwa wapanda pikipiki na baiskeli, ambao ni wengi kuliko wenye magari, makala haya hayana msaada. Wao kinga yao ni kofia ngumu na adabu ya wenye magari. Polisi ya Rwanda ilipoanzisha kampeni ya Gerayo Amahoro mwaka 2019, yaani ufike kwa amani, iliwahutubia wote hao kwa pamoja, na ilifanya vyema. Lakini aliye ndani ya gari dogo amebeba wajibu wa namna yake, hasa akiwa na familia.

Mama aliyempakata mtoto huamini kwamba mikono yake ni mkanda tosha. Upendo ni wa kweli, ila hesabu inakataa. Mtoto wa kilo 8 katika gari linalosimama kutoka kilomita 50 kwa saa, boneti ikikunjamana sentimita 60, huwa na uzito wa kama kilo 130 kwa kitambo kile. Hakuna mikono inayoweza kuzuia gunia la namna hiyo. Na kama mfuko wa hewa upo na unafanya kazi, mtoto aliyepakatwa yuko kati ya mama na baruti, mahali pale pale ambapo msanifu alikusudia pawe wazi. Mfuko uhitaji nafasi ya sentimita 25 walau kati yake na kifua cha mtu mzima ili umalize kujaa kabla hajaufikia. Mtoto wa mapajani hana hata sentimita 10.

Katika magari ya kwetu kuna mengine madogo yanayofanywa kwa nia njema. Kitambaa kilichofumwa kwa mkono hutandikwa juu ya dashibodi, na juu yake huwekwa boksi la karatasi laini, chupa ya manukato na saa. Mfuko ukifumka, vitu hivyo huwa makombora. Vifuniko vya viti vinavyoshonwa mjini huziba mfuko wa ubavuni, ambao katika magari mengi umeshonewa ndani ya ubavu wa kiti. Penye maandishi AIRBAG pembeni mwa kiti pasizibwe. Ngao kubwa ya chuma mbele ya gari hubadilisha namna mshtuko unavyokifikia kipima mshtuko. Na yule anayenunua sambaza ufukweni akaweka beseni mapajani kwenye kiti cha mbele, naye afikirie beseni hilo litakwenda wapi.

Askari wanaofika kwanza penye ajali wana lao la kujua. Mfuko ambao haukufumka bado una baruti, na unaweza kufumka wakati mwokoaji ameingiza kichwa kati ya usukani na majeruhi. Betri ifunguliwe kama inafikika, na hata baada ya hapo zipite dakika kadhaa, kwa kuwa kompyuta ya gari hujiwekea akiba ya umeme. Mfuko uliofumka huacha vumbi jeupe na harufu ya baruti ambavyo huwafanya watu wapige kelele kwamba gari linaungua. Mara nyingi haliungui. Vumbi hilo huwasha macho na ngozi; maji safi yatosha.

Kwa nini si mfuko wa mtumba

Sajini alipokwisha kusikia hayo aliuliza swali ambalo kila mtu mwenye mkopo angeuliza. Je, haiwezekani kupata mfuko kutoka gari bovu, labda ng'ambo ya mpaka, Goma, kwa bei ya urafiki?

Fundi alikataa, na sababu yake inastahili kuelezwa kwa urefu. Kampuni ya Takata ya Japani, iliyoanza katika miaka ya 1930 kama kiwanda cha kusuka, ilifikia kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa mikanda na mifuko ya hewa duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iligeukia baruti ya amoniamu naitreti, kemikali ile ile itumikayo katika mbolea na katika kulipua miamba, kwa kuwa ni rahisi kwa bei. Kasoro yake ni kwamba ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu unaopanda na kushuka, vidonge vyake hubadilika na kupata vinyweleo. Siku ya kuwashwa huungua kwa kasi kupita kiasi, kopo la chuma hupasuka, na vipande vyake huruka usoni na shingoni mwa mtu. Mjini Orlando huko Florida, mwaka 2014, wapelelezi waliomkuta mwanamke aliyefariki baada ya mgongano waliona majeraha ya shingo wakadhani amechomwa kisu, wakaanza kutafuta muuaji. Muuaji alikuwa katika usukani.

Takata ilifilisika mwaka 2017. Makopo yaliyoitwa yarudishwe yalifikia milioni 67 nchini Marekani peke yake, chini ya majina ya karibu kampuni zote kubwa za magari. Januari 2024 Toyota iliwataka wenye baadhi ya magari yake nchini Marekani, zikiwemo Corolla za mwaka 2003 na 2004 na RAV4 za mwaka 2004 na 2005, waache kabisa kuyaendesha hadi makopo yabadilishwe. Magari ya rika hilo ndiyo yanayouzwa kwa mitumba duniani kote, na barua ya kurudisha gari ni vigumu kumfikia mwenye gari wa nne aliye kandokando ya Kivu.

Hewa ya Gisenyi ni ya wastani, haina joto la Mombasa wala Dar es Salaam. Lakini mfuko uliong'olewa katika gari bovu hausemi umeishi wapi, umekaa juani miaka mingapi, wala kopo lake limetoka kiwanda kipi. Gari lenyewe, kinyume chake, lina namba ya chesisi, na kwa namba hiyo wakala wa kampuni anaweza kueleza kama limewahi kuitwa lirudishwe, na matengenezo ya namna hiyo kwa desturi hayalipiwi. Mnunuzi wa gari la mtumba aitoe namba hiyo kabla ya kutoa fedha. Hali kadhalika aitazame ile taa: iwake, kisha izime. Ikiwa haiwaki kabisa, au kifuniko cha dashibodi kina mshono usiolingana na rangi ya plastiki inayouzunguka, fundi akifungue kwanza, na muuzaji akikataa kifunguliwe, jibu limekwisha patikana.

Mifuko miwili mipya na kompyuta yake ilikuwa na bei iliyomfanya sajini akae kimya. Alilipia oili. Akamwomba fundi arudishe taa iliyong'olewa, ili iwake kama inavyotakiwa na kumkumbusha kila aendeshaye gari lile, naye fundi akairudisha bila malipo.

Mwisho wa mwezi familia ilikwenda Musanze kama kawaida. Mama alikaa nyuma, mtoto kando yake katika kiti cha watoto walichoazimwa na jirani wa kambini, kikiwa kimefungwa kwa mkanda. Wakubwa wawili walifunga mikanda yao baada ya ugomvi mdogo kuhusu dirisha. Kiti cha mbele kilipakiwa vitu vya nyanya chini, penye kuwekwa miguu: sukari, sabuni na sambaza waliokaushwa. Sajini aliendesha kwa kilomita 50 kwa saa hadi Mukamira, malori yakimpita, na taa nyekundu ikiwaka mbele yake njia nzima.